Betri za kamera hupanda na mwenyewe, haziendi na mzigo

Huyu ni wa tatu kutolewa betri za kamera kwenye begi la ndege tangu Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, uandame. Jumatatu asubuhi aliingia kibandani kwangu cha ufundi wa kamera, Mlandege hapa Unguja, kijana mpiga picha za harusi, uso umemshuka. Alikuwa ametoka Maskati kupiga harusi ya jamaa zake. Alifunga safari na kamera mbili, lenzi tatu na betri saba. Betri moja ilibaki ndani ya kamera aliyoibeba mkononi. Sita nyingine alizizungushia kanga akazishindilia katikati ya begi kubwa, lile linaloingia tumboni mwa ndege. Begi lilipofika lilikuwa limefunguliwa, kanga imekunjwa vizuri na betri hazimo, ila kikaratasi cha kumwarifu kwamba zimetolewa. Usiku wa hina akawa na betri moja, na kila baada ya dakika chache anazima kamera ili imfikishe mwisho.

"Ami," akaniambia, "si wenyewe ndio wanasema betri ni hatari? Nikaona nisiingie nazo ndani walipo watu."

Hapo ndipo wanapopotea wote, na nimechoka kuisikia. Kwamba betri ni hatari, ni kweli. Na kwa sababu ni hatari, ndiyo maana haziwekwi huko chini. Betri ya spea ya lithiamu, iwe ya kamera, ya taa, ya droni au ya maikrofoni, inakaa ndani ya ndege pamoja na mwenyewe. Sheria hii ni ya kimataifa, haikutungwa na askari wa lango la uwanja wetu wa ndege wa Kisauni ili akusumbue.

Sababu yake iko hivi. Betri ya lithiamu ikipata shoti, ikipondeka, au ikiwa na kasoro ya kiwandani, seli moja huanza kupanda joto yenyewe. Joto lile huiamsha seli ya pili, ya pili huiamsha ya tatu, na gesi inayotoka nayo inawaka. Chini kwenye mizigo kuna mitambo ya kuzima moto inayomwaga gesi ya haloni. Haloni inaua ndimi za moto, lakini haizipozi seli, kwa hiyo moto unaonekana umezimika, kumbe joto linaendelea kupanda mle mle na kuwasha tena. Na huko hakuna mtu wa kuona wala kunusa. Ndani ya ndege, begi likianza kufuka moshi juu ya kichwa cha abiria, watu watapiga kelele kabla hata moto haujatoka. Wahudumu wamefundishwa: wanazima, kisha wanamwaga maji mengi mpaka betri ipoe.

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 iliruka kutoka Dubai ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu. Moto ulianzia kwenye mzigo, moshi ukajaa mpaka marubani hawaoni vipimo vilivyo mbele yao. Walijaribu kurudi, wasiwahi. Wote wawili walikufa. Kila nikimwona mtu anafunga betri kwenye kanga na kuzitia begi kubwa "kwa usalama", ndege ile hunijia akilini.

Betri iliyo ndani ya kamera inaruhusiwa kwenda chini ikiwa kamera imezimwa kabisa na haiwezi kujiwasha. Mimi hata hiyo siikubali. Kamera inapanda na wewe.

Kuna jambo la pili, na hili hata wanaojua la kwanza hulisahau. Nilimwambia yule kijana afungue mfuko wa mbele wa begi la kamera, ile betri moja aliyorudi nayo iko wapi. Ilikuwa imelala uchi baina ya ufunguo wa vespa, sarafu mbili na kipande cha waya wa sikioni. Nikaisogeza kwenye taa. Pale penye vibati vya kupitishia umeme palikuwa na alama nyeusi, ndogo kama punje ya ufuta. Ufunguo ulishagusa vibati viwili kwa pamoja, cheche ikaruka, na bahati ikawa upande wake. Betri ya kamera ilikuja na kifuniko cha plastiki. Mnakitupa siku ya kwanza! Kama kimepotea, bandika tepu juu ya vibati au weka kila betri kwenye mfuko wake wa nailoni. Na betri iliyovimba usisafiri nayo kabisa, hata ikiwa bado inachaji.

Ushauri wangu, na wateja wangu wote wanaujua mpaka wananicheka: betri zote ziwe kwenye kimkoba kimoja chenye zipu, kimkoba kiwe juu kabisa ya begi. Ukiambiwa mlangoni kwamba nafasi ya juu imejaa na begi lako linashushwa chini, unavuta kimkoba, unampa mhudumu begi, unapanda. Hufungui chochote mbele ya watu.

Halafu yuko anayekuja kuniuliza kama pawabenki yake ya "elfu ishirini", yaani miliampea-saa 20,000, inaruhusiwa. Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Kinachotazamwa ni wati-saa, yaani volti mara ampea-saa. Betri ya Sony NP-FZ100 ni volti 7.2 na miliampea-saa 2,280, yaani ampea-saa 2.28: inakuja wati-saa 16.4, haina tatizo. Pawabenki ya 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, nayo inapita. Mpaka wati-saa 100 huhitaji ruhusa ya mtu. Zaidi ya 100 hadi 160 unaomba kwa shirika la ndege kabla ya safari, na unabeba mbili tu za spea. Zaidi ya 160 iache nyumbani. Wanaotumia zile betri kubwa za kamera za sinema wanunue za 98, wasinunue za 150; hasara ya dakika chache za kurekodi ni ndogo kuliko kubishana kaunta. Na maandishi yale ya wati-saa yakifutika kwenye betri, jihesabu umeikosa, maana mkaguzi hana njia ya kukuamini.

Pawabenki ni betri ya spea, si kifaa. Hukumu yake ni moja. Mashirika mengine yanazidi kubana: Emirates tangu tarehe 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, na ni marufuku kuitumia au kuichaji humo ndani.

Yako na maneno mengine ninayoletewa kibandani. "Begi la kamera halipimwi uzito." Nani kawaambia? Labda kwenye ndege kubwa, siku mhudumu hana haraka. Lakini anayekwenda Pemba kwa zile Cessna Caravan za propela moja, mara nyingi kikomo ni kilo 15, na zinahesabiwa begi na kimkoba cha mkononi pamoja. Rubani anagawa uzito ili ndege ikae sawa hewani, hilo si suala la ukali. Lenzi ya 70-200, kamera mbili na stendi ni kilo kadhaa kabla hujatia shati. Na lile begi gumu la magurudumu liache Unguja, kwa sababu sehemu ya mizigo ya ndege hizo ni nyembamba na wanataka begi laini. Stendi na taa zitangulie kwa boti mpaka Mkoani siku moja kabla, wewe ufuate na kamera na betri.

"Eksirei inafuta picha kwenye kadi." Haifuti. Kadi wala kamera ya dijitali havidhuriki, pitisha hata mara kumi. Mwenye kuogopa ni anayetumia filamu, na siku hizi vijana wameirudia. Filamu isiyosafishwa usiitie begi kubwa kamwe, mashine za huko ni kali. Mkononi, filamu ya kasi ya ISO 800 na zaidi omba ikaguliwe kwa mkono, na ukikuta zile mashine mpya zinazozungusha picha ya begi pande zote, omba hivyo kwa filamu yoyote ile.

"Lenzi imeharibika kwenye ndege." Hili huletwa kwangu na wageni na wenyeji, hasa nyakati za masika. Mtu ametoka kwenye ubaridi wa ndege, anashuka Unguja kwenye joto na unyevu, anatoa kamera palepale uwanjani apige picha, kioo kinajaa ukungu. Anafuta kwa shati, unarudi. Anafungua lenzi kutazama ndani, na hapo ndipo anapouingiza unyevu mwenyewe. Lenzi ni nzima. Ni baridi tu, na hewa yetu ina maji. Acha begi limefungwa zipu nusu saa au zaidi mpaka vitu vishike joto la nje, ndipo ufungue. Ukilifungua mapema na kuliweka kabatini na unyevu wake, baada ya miezi utaniletea lenzi yenye kuvu, nyuzi nyembamba kama za buibui kwenye kioo cha ndani, na hiyo ndiyo kazi ya fundi kweli.

Droni ndogo haina msamaha kwa udogo wake. Kibali kinaanzia TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na Wizara ya Ulinzi, na kinatafutwa kabla ya tiketi. Ukifika nayo bila karatasi itabaki uwanjani.

La mwisho ni la wanaosema "kikivunjika watalipa". Kwenye safari za kimataifa zinazofuata Mkataba wa Montreal, kikomo cha fidia ya mizigo tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria, takriban dola elfu mbili za Marekani, kwa mizigo yake yote aliyoikabidhi. Kamera moja na lenzi moja vimeshapita hapo. Na madai ya begi lililoharibika yanaandikwa ndani ya siku saba tangu ulipokabidhiwa. Yule kijana wa Maskati alisafiri na begi la pili lenye taa, kioo cha moja kimepasuka. Alinionesha siku ya tisa.