Marekani na Nchi za Kiislamu: Dhana Tulizozizoea na Yaliyotokea

Bibi zetu wa pwani walipotaka kitambaa cheupe kizito kisichotiwa rangi, cha kushonea shuka au kanzu ya kufanyia kazi, walikwenda dukani wakaomba merikani. Kitambaa kilishika jina la kwao. Kililetwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, Marekani, nazo zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi.

Naanzia hapo kwa sababu kila mapigano yanapozuka kati ya Marekani na nchi ya Kiislamu, nasikia maneno yaleyale, barazani na kwenye daladala, kwa Waislamu na kwa Wakristo: hawa ni maadui tangu enzi, dini zao haziwezi kukaa pamoja, ndivyo ilivyoandikwa. Maneno hayo yananiuma. Yanawafutia makosa watu ambao majina yao tunayajua na tarehe zao zimeandikwa. Uadui ukishakuwa wa milele, hakuna tena wa kuulizwa.

Dhana: "Uadui umekuwapo tangu Marekani ilipozaliwa."

Marekani ilijitangazia uhuru mwaka 1776. Mwaka uliofuata, Desemba 1777, Sultani wa Moroko, Sidi Muhammad bin Abdallah, aliagiza merikebu zenye bendera yao zipokewe katika bandari zake kama za mataifa mengine. Wakati huo dola nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinangoja kuona nani atashinda vita. Mkataba wa urafiki wa nchi hizo mbili ulitiwa saini mwaka 1786, na ndio uliodumu kuliko mikataba yote ya urafiki ya Marekani. Mwaka 1821 Sultani mwingine, Mulay Suleiman, aliwapa jengo mjini Tangier. Hiyo ndiyo mali ya kwanza ambayo serikali ya Marekani ilipata kumiliki nje ya nchi yake.

Na kwetu je? Tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitiliana mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mwaka 1837 konseli wao wa kwanza, Richard Waters, alishuka Unguja. Kisha Sayyid naye akatuma chombo chake. Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu Sultana ilitia nanga New York, imebeba pembe, karafuu, tende, kahawa na ngozi. Aliyeiongoza safari hiyo, Ahmad bin Na'aman, alishuka na kilemba chake, na watu wa mji wakajazana kumtazama. Wakubwa wa jiji walimchoresha picha, na jeshi la majini la Marekani likaikarabati Sultana kabla haijarudi nyumbani. Sayyid alikuwa amempelekea Rais Martin Van Buren zawadi, wakiwamo farasi wawili wa Kiarabu. Katiba yao inamkataza rais kupokea zawadi za wafalme bila ridhaa ya Kongresi, kwa hiyo farasi wakauzwa na fedha zikaingia hazina.

Sisemi kwamba ulikuwa urafiki safi. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na pembe zilifika pwani zikiwa mabegani mwa watu, wengi wao watumwa vilevile, kisha zikaishia Connecticut kutengenezewa vibonye vya piano. Lakini katika shughuli yote ile hakuna aliyemuuliza mwenzake anasali wapi.

Dhana: "Vita vya Tripoli vilikuwa vita vya dini."

Vita hivyo, vya 1801 hadi 1805, vilihusu fedha. Watawala wa Tripoli, Tunis na Algiers, miji ya pwani ya kaskazini mwa Afrika, waliyatoza ada mataifa yaliyopitisha merikebu zao Bahari ya Kati, na asiyelipa alitekwa. Marekani ililipa, kisha ikagoma. Mkataba wake na Tripoli, ambao Seneti iliupitisha mwaka 1797 bila kura hata moja ya kuupinga, ulieleza waziwazi katika kifungu cha 11 kwamba Marekani haina uadui wowote na sheria wala dini ya Waislamu. Na jeshi la upande wa Marekani lililovuka jangwa kutoka Misri kwenda kuuteka mji wa Derna mwaka 1805 lilikuwa na wanamaji wa Kimarekani wasiozidi kumi. Wengi waliobaki walikuwa Waarabu Waislamu wakimfuata Hamet Karamanli, kaka yake Pasha, yaani mtawala, wa Tripoli, aliyedai kwamba kiti kile ni chake.

Dhana: "Wairani waliichukia Marekani tangu mwanzo, kwa sababu ya dini yao."

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli.

Mjini Tabriz palikuwa na mwalimu kijana wa Kimarekani, Howard Baskerville, akifundisha shule ya misheni. Wairani walipoinuka kudai katiba mbele ya shah, mfalme wao, aliacha ubao na chaki akashika bunduki pamoja na wanafunzi wake. Aliuawa Aprili 1909 akiwa na miaka 24. Watu kwa maelfu walilisindikiza jeneza la Mkristo huyo, na mpaka leo anakumbukwa Tabriz kama mmoja wa mashujaa wa katiba.

Waliochukiwa Iran enzi hizo walikuwa Warusi na Waingereza, na Marekani ilitazamwa kama mtu wa mbali asiye na tamaa. Kisha ukaja mwaka 1951. Bunge la Iran lilitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza, na Mohammad Mosaddegh akawa waziri mkuu. Uingereza ikawawekea Wairani vikwazo, halafu ikaenda kutafuta msaada Washington. Agosti 1953 shirika la kijasusi la CIA, likishirikiana na Waingereza, lilipanga kumwangusha. Jaribio la kwanza lilishindwa, na shah wa wakati huo, Mohammad Reza Pahlavi, akakimbilia Baghdad, kisha Roma. Siku chache baadaye, tarehe 19 Agosti, makundi ya watu, mengine yakiwa yamelipwa, yalijaa barabara za Tehran, vifaru vikafuata, na Mosaddegh akaanguka. Aliyeongoza kazi hiyo upande wa Wamarekani alikuwa Kermit Roosevelt, mjukuu wa Rais Theodore Roosevelt. Mwaka uliofuata kampuni za Kimarekani zilipata asilimia 40 ya hisa katika muungano mpya wa mafuta ya Iran. Mwaka 2013 nyaraka za CIA yenyewe zilitolewa hadharani, zikikiri kwamba mapinduzi yale yalikuwa operesheni yake.

Wanaodhani huo ulikuwa ugomvi wa Uislamu na msalaba wamtazame Ayatollah Kashani. Shehe huyo mkubwa wa siasa alianza upande wa Mosaddegh, akamgeuka, na siku ya mapinduzi hakuwa upande wake.

Shah alirudi akatawala miaka 25 mingine, akiwa na polisi wa siri, SAVAK, ambao Wamarekani walisaidia kuwaunda. Hata hotuba iliyomfanya Khomeini afukuzwe nchini mwaka 1964 ilihusu sheria iliyowakinga wanajeshi wa Marekani wasishtakiwe katika mahakama za Iran. Aliyezungumza ni mwanachuoni wa dini, lakini alilolilalamikia ni heshima ya nchi.

Kwa hiyo shah alipoangushwa, kisha Oktoba 1979 akaruhusiwa kuingia New York kutibiwa saratani, vijana wa Tehran walikumbuka 1953. Waliona kwamba njama ile inarudiwa. Tarehe 4 Novemba wakauvamia ubalozi, na watu 52 wakashikiliwa siku 444. Kuwashika mateka wafanyakazi wa ubalozi ni dhuluma, na hakuna historia inayoihalalisha. Lakini Mmarekani wa kawaida aliyewasha televisheni jioni ile aliona hadithi inaanzia hapo, wakati kwa Mwirani ilikuwa na miaka 26.

Vivyo hivyo upande wa pili. Tarehe 3 Julai 1988 ndege ya abiria ya Iran Air iliondoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Manowari ya Marekani, Vincennes, iliitungua. Walikufa watu 290, wakiwamo watoto 66. Marekani ilisema iliidhania ndege ya kivita, na mwaka 1996 ikakubali kulipa dola milioni 61.8 bila kukiri hatia. Muulize Mwirani wa rika hilo, atakutajia idadi ya abiria kabla hujamaliza swali.

Dhana: "Palestina ni kisingizio tu cha kuichukia Marekani."

Mwaka 1919 Rais Wilson alituma tume kuwauliza watu wa Syria na Palestina wanataka kutawaliwa na nani. Wengi walitaka uhuru. Kama ni lazima wawe na msimamizi, walisema, basi awe Marekani. Hebu fikiri: Waarabu, wengi wao Waislamu, wakiichagua Marekani mbele ya Uingereza na Ufaransa. Taarifa ya tume iliwekwa kabatini, haikuchapishwa mpaka 1922.

Februari 1945 Rais Franklin Roosevelt alikutana na Mfalme Abdulaziz wa Saudia katika manowari Quincy, kwenye maji ya Mfereji wa Suez. Mfalme alisumbuliwa na miguu, na Roosevelt, ambaye mwenyewe hakuweza kutembea, alimzawadia kiti chake cha akiba cha magurudumu. Aprili 5 alimwandikia barua akiahidi kwamba hatachukua hatua ya kuwadhuru Waarabu katika suala la Palestina. Aprili 12 alifariki. Mwezi Mei 1948 mrithi wake, Harry Truman, aliitambua Israeli dakika 11 baada ya kutangazwa. Mwenye kutaka kujua imani ilivunjikaje aianzie kwenye barua ile.

Dhana: "Ni Marekani upande huu na Waislamu upande ule."

Mwaka 1956 Uingereza, Ufaransa na Israeli zilipoivamia Misri kwa ajili ya Suez, aliyezilazimisha kuondoka ni Rais Eisenhower. Uturuki imo NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, tangu 1952. Kuikomboa Kuwait mwaka 1991, Marekani ilipigana bega kwa bega na Saudia, Misri na hata Syria. Miaka ya 1980 iliwapa silaha mujahidina wa Afghanistan. Na mwaka 2003 ilipoivamia Iraq kwa madai ya silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana, haikufuata Qurani wala Biblia.

Dhana: "Mabomu ya 1998 yaliwaumiza Wamarekani."

Ijumaa, Agosti 7, asubuhi, mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Wamarekani kati yao walikuwa 12. Dar es Salaam walikufa 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja. Katikati ya Nairobi ulisikika mlipuko mdogo kwanza. Watu maofisini wakainuka, wakaenda madirishani kutazama kuna nini barabarani. Bomu kubwa liliwakuta wamesimama nyuma ya vioo. Ndiyo maana waliopofuka ni wengi mno. Waliotega bomu walidai wanawapigania Waislamu, na miongoni mwa waliowaua walikuwamo Waislamu.

Siku 13 baadaye makombora ya Marekani yalikiangusha kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, kwa madai kwamba kilitengeneza sumu ya kivita. Ushahidi wa kutosha haujawekwa hadharani hadi leo. Sudan, iliyowahi kumpa hifadhi Osama bin Laden, kiongozi wa kundi lililotega mabomu hayo, ilikubali mwaka 2020 kulipa dola milioni 335 kwa waathirika wa mashambulizi ya kigaidi dhidi ya Marekani, yakiwamo ya balozi hizo mbili. Wakenya wengi walioumia wakipita njiani au wakiwa kazini katika majengo ya jirani, wasioajiriwa na ubalozi, hawakuingizwa katika malipo hayo, na bado wanadai.