Niambie utalala wapi: kupanda Kibo ukitokea Dar

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Tabata alinipigia simu. Anakimbia kilomita kumi kila Jumamosi, viatu anavyo, jaketi analo, na kazini wamempa siku saba za likizo. Akitoa siku mbili za basi, kwenda Moshi na kurudi, anabaki na tano. Kuna kampuni imemwambia tano zinatosha kabisa kupanda Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu. Akaniuliza, "Kaka, nitafika kileleni?"

Nikamuuliza, "Usiku wa pili utalala wapi? Na wa tatu?"

Hakujua. Tukazungumza karibu saa nzima, na mengi niliyomweleza ndiyo haya ninayoyaandika. Mimi ni mwongozaji wa mlimani. Nilianza nikiwa mgumu, yaani mbeba mizigo, nikapanda ngazi hadi kuongoza. Siku hizi naishi Kimara, na vikundi vyangu vingi ni vya watu wa jiji hili. Nawapenda watu wa Dar mlimani, maana wana moyo na wanaimba hata kwenye mvua ya msituni. Lakini ndio wanaotoka mbali kuliko wote, na sizungumzii kilomita. Wanatoka usawa wa bahari. Mtu aliyelelewa Marangu au Njombe amekwishapanda mita elfu moja na zaidi kabla hajazaliwa. Wewe wa Mbagala unaanza na sifuri.

Wengi husema kule juu oksijeni imeisha. Ukweli ni kwamba sehemu ya oksijeni hewani ni ile ile, kama asilimia 21, uwe Feri unanunua samaki au uwe Uhuru Peak kwenye mita 5,895. Kinachobadilika ni mgandamizo. Fikiria magodoro ya sponji yaliyopangwa dukani Kariakoo mpaka darini: la chini limebanwa na uzito wa yote yaliyo juu yake, la juu limetanuka. Hewa nayo ni hivyo. Sisi wa Dar tunaishi kwenye godoro la chini, ambako kila pumzi imejaa. Horombo, kambi ya njia ya Marangu kwenye mita 3,720, mgandamizo umebaki kama theluthi mbili. Kileleni ni takriban nusu. Unavuta pumzi ile ile, kifua kinapanda vile vile, lakini ulichoingiza ni nusu ya ulichozoea.

Mwili unaweza kuhimili hali hiyo ukipewa muda. Kwanza unapumua haraka zaidi, hata ukiwa umelala. Kupumua haraka kunatoa hewa chafu kupita kiasi, damu inapoteza asidi yake, na ubongo unapokea onyo: punguza pumzi. Hapo ndipo figo zinapoingia kazini kurekebisha damu kwa kutoa magadi kupitia mkojo, ili uweze kuendelea kupumua kwa nguvu bila kuzuiwa. Ndiyo maana ukitoka hemani mara tatu usiku kwenda haja ndogo mimi nafurahi, ingawa wewe unaganda. Kazi hiyo ya figo inachukua siku kadhaa. Chembe nyekundu za damu huchukua wiki, kwa hiyo katika safari ya kawaida usizitegemee.

Sasa rudi kwenye Marangu ya siku tano. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo Hut, 4,720, na hapo hulali kwa maana ya kulala, kwa sababu saa sita usiku unaamshwa kuelekea kileleni. Madaktari wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale pale pale usiku wa pili. Kaka wa Tabata alikuwa ameuziwa mara mbili ya kiwango hicho, akiwa ametoka baharini juzi yake. Wapo wanaofika kwa siku tano, nimewapeleka mwenyewe. Wengi zaidi nimewarudisha.

Ukiongeza usiku mmoja tu Horombo, na mchana wake ukatembea mpaka Mawe ya Pundamilia kisha ukarudi kulala, safari inabadilika. Lakini ukiniachia kuchagua, nitakupeleka kwa njia ya Lemosho, siku nane. Unalala Mti Mkubwa msituni, halafu Shira ya kwanza kwenye mita 3,500 hivi, halafu Shira ya pili. Siku ya nne unapanda hadi Lava Tower, mita 4,600 na kitu, unakula chakula cha mchana pale kichwa kikigonga kidogo, kisha unashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Karanga, kambi inayofuata, ni karibu usawa ule ule. Siku tatu nzima mahali pa kulala hapapandi sana, ilhali mchana umeuonjesha mwili kule juu. Wenyewe tunasema panda juu, lala chini. Ukifika Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, figo zako zimeshafanya kazi ambayo hakuna zoezi linaloweza kuifanya.

Mazoezi nayo naulizwa sana. Fanya, tena kwa bidii, maana magoti yatakushukuru kwenye mteremko wa Mweka, njia ya kushukia. Panda ngazi za jengo refu ukiwa na begi mgongoni. Tembea kwenye mchanga wa Kigamboni. Wikiendi moja chukua treni uende Morogoro ukapande Uluguru, uzoee kutembea saa sita bila kuuliza tumebakiza wapi. Ila jua kwamba miguu yenye nguvu haizuii ugonjwa wa mwinuko. Wenye nguvu ndio wananipa wasiwasi zaidi, kwa kuwa wanaweza kukimbia mbele ya miili yao. Pole pole tunayowaimbia si mapambo ya watalii. Ukishindwa kuzungumza sentensi nzima huku unatembea, unakwenda haraka mno.

Nina kisa ninachokibeba mpaka leo. Mwaka wangu wa kwanza kama msaidizi wa mwongozaji tulikuwa na kijana wa Dar, mwili umejengeka, siku tano, Marangu. Horombo kichwa kilimuuma. Hakutwambia. Alimwambia mwenzake wa chumba kwamba ni malaria imempanda, akameza dawa aliyokuja nayo mfukoni. Mtu wa Dar kichwa kikimuuma hufikiria malaria, na simlaumu, kwani ndivyo tulivyolelewa. Kesho yake Kibo Hut nilimwona anatoka nje anayumba kama amelewa. Nikamwambia atembee kwa kuunganisha kisigino na kidole, mstari ulionyooka, hatua kumi. Hakuweza tatu. Wakati ule ubongo ulikuwa tayari umeanza kuvimba. Tulimfunga kwenye machela ya gurudumu moja tukamshusha usiku huo huo, tukipokezana, tochi vichwani. Tulipofika Horombo alikuwa anajibu maswali. Mandara alitembea mwenyewe. Dawa iliyomponya ilikuwa mita elfu mbili za kushuka.

Tangu siku hiyo kila asubuhi na kila jioni nauliza kila mtu, mmoja mmoja, pembeni: kichwa, tumbo, usingizi, hamu ya kula. Nampima oksijeni ya damu kwa kifaa cha kidoleni. Hapa Dar kinasoma asilimia 97 au 98. Barafu kinaweza kusoma 80 na kitu kwa mtu aliye salama kabisa, kwa hiyo namba pekee isikutishe, namtazama na mtu mwenyewe. Na kanuni yangu ni hii: kichwa kinachouma juu ya mita 2,500 ni cha mlima, mpaka ithibitike vinginevyo. Homa ikiwepo nina vipimo vya haraka vya malaria kwenye sanduku la dawa, kwa sababu mtu anaweza kweli kuwa amekuja nayo kutoka mjini. Lakini hatupandi tukisubiri jibu.

Kichwa kikiuma kidogo na kikatulia kwa maji na mapumziko ni kawaida, unalala pale pale. Kisipotulia, au ukitapika, hupandi. Ukiyumba, ukianza kuongea yasiyoeleweka, au ukikosa pumzi hata umekaa, kifua kikikoroma na kikohozi hakikatiki, tunashuka saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku na kilele kinaonekana. Hapo sijadiliani. Jambo jingine lisikutishe: usiku utamsikia mwenzako hemani anaacha kupumua sekunde kadhaa, kisha anavuta pumzi kubwa kama aliyeibuka majini. Hali hiyo hutokea sana kwenye mwinuko.

Kuna dawa, acetazolamide, inayojulikana kwa jina la Diamox. Inaisukuma figo ifanye mapema ile kazi niliyoieleza. Kwa kinga watu wazima wengi hupewa miligramu 125 mara mbili kwa siku. Vidole vitawasha kama vimekaliwa, na soda itapoteza ladha. Muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru. Wala isikufanye ununue safari fupi.

Wanaoweza, nawashauri waanze na Mlima Meru. Mita 4,566, siku tatu au nne, mlinzi mwenye bunduki mbele kwa ajili ya nyati. Unalala Miriakamba, kisha Saddle kwenye mita 3,570, na ukienda Kibo ndani ya wiki hiyo mwili bado unakumbuka. Tena Meru inakufundisha kwamba unatembea juu ya volkano. Upande wake wote wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na kutoka ukingoni unaangalia chini kwenye koni ya majivu iliyoota katikati ya shimo. Mara ya mwisho ulifuka mwaka 1910. Kilimanjaro ni volkano tatu: Shira iliyobomoka, Mawenzi iliyoliwa na mmomonyoko, na Kibo iliyolala, ambayo kreta yake bado inatoa harufu ya kiberiti. Wazee wa Uchagani wanasimulia kwamba Mawenzi alizidi kwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana kichwa chake kimechongoka vile.

Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, ni habari nyingine. Una mita 2,962 tu na bado uko hai. Lava yake ni ya magadi, haipatikani ikitoka kwenye volkano nyingine yoyote duniani leo. Ina joto la nyuzi 500 na kitu, ambapo lava ya kawaida huzidi 1,000. Inatoka nyeusi kama oili chafu, ikipoa inageuka nyeupe. Mwaka 2007 ulilipuka kwa majivu baada ya mitetemeko iliyosikika hadi Nairobi. Unapandwa usiku kukwepa jua la Ziwa Natron, na kwa kuwa hulali juu, hauusaidii mwili kuzoea mwinuko. Unakufundisha kutembea gizani kwenye majivu yanayorudi nyuma, na hilo utalihitaji.

Kuhusu baridi: joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita elfu. Dar ikiwa 30, toa 38 na kitu, umepata kileleni, kabla upepo haujaanza. Jaketi zuri usinunue jipya. Nenda Karume, Ilala, kwenye robota za nguo za baridi. Hapa mjini hazina wateja wengi, kwa hiyo bei ni nzuri kuliko Moshi. Nunua mzula wa kufunika uso na glavu pea mbili. Mzigo wako upunguze, kwa sababu mgumu anapimwa getini, kilo 20, na kila kilo ya vipodozi iko kwenye shingo ya mtoto wa mtu.

Usiku wa kileleni tunatoka saa sita kwa kuwa changarawe imeganda na inashika mguu, na ili tushuke mchana. Maji ya mpira wa kunyonya yataganda, beba chupa ya chai. Kutoka Stella Point, mita 5,756, bado kuna kama saa moja hadi kwenye ubao wa Uhuru Peak. Pale ndipo mwanajeshi Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge na bendera usiku wa Uhuru, Desemba 1961, na mimi kila nikifika namtajia jina lake yeyote niliye naye, hata kama hawezi kujibu kwa kuhema.

Kaka wa Tabata alinitumia ujumbe jana. Bosi wake amekubali kumuunganishia likizo ya mwaka huu na siku alizobakiza, jumla kumi na mbili. Ameniuliza Septemba, Lemosho. Na ameniandikia orodha ya kambi zote kwa mpangilio, na mita zake pembeni.