Konda, bado mia mbili yangu

Mchezo wa kwanza wa hesabu tuliowatengenezea watoto kwenye simu ulikuwa wa konda wa daladala. Abiria anatoa elfu moja, nauli ni mia sita, mtoto arudishe chenji kabla saa haijaisha. Akikosea, mlio mkali na alama nyekundu. Tulipoupeleka Mbagala kuujaribu, binti mmoja wa darasa la nne alikosea mara tatu, akaweka simu chini: "Mimi hesabu siziwezi." Binti huyohuyo jioni anauza kwenye genge la mama yake, na chenji hakosei.

Neno lile halikunitoka kichwani.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba mtu hujiona analiweza jambo kwa njia nne: amelifanya mwenyewe akafaulu, amemwona mtu wa hali yake akifaulu, ametiwa moyo kwa maneno, au mwili wake umetulia anapolikabili. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Sisi tulikuwa tumeegemea ya tatu, ile sauti ya kumsifia mtoto akipatia, huku saa yetu ikimpandisha mtoto mapigo ya moyo.

Mlio tukautoa, na saa pia. Siku hizi mtoto akirudisha mia mbili, abiria anageuka: "Konda, bado mia mbili yangu." Naupenda mno mstari huu. Haumhukumu mtoto, unamwonyesha pengo lilipo, naye analiziba kwa mkono wake. Jibu hatumpi, hata akikawia. Ukimwonea huruma utatamani kumrahisishia, lakini ushindi wa kupewa mtoto anaujua, na haumjengi.

Sifa nazo tulizibadili. Utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck wa 1998 ulionyesha kuwa watoto waliosifiwa akili, baada ya kushindwa maswali magumu, walilegea kuliko waliosifiwa juhudi. Basi "Una akili sana!" ikaondoka, ikaja "Umehesabu kutoka mia sita mpaka ukafika elfu" (ndivyo wauza duka wengi wanavyotoa chenji). Tunataja alichokifanya.

Saa imerudi, ila anayeiwasha ni mtoto mwenyewe, akitaka. Tulipokwenda Mbagala mara ya tatu, binti yule aliiwasha. Kaka yake alipoinama kumtajia jibu, binti akamsukuma mkono: "Acha, namrudishia mwenyewe."