Ubora wa Sangara Huanzia Mwaloni

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za uvuvi wa sumu. Halikuwa zuio la kwanza. Viwanda vya minofu vya Tanzania, Kenya na Uganda vilifungiwa soko kwa pamoja, kilichojitahidi na kilichozembea, kwa sababu Umoja wa Ulaya huanza kwa kuipima mamlaka ya ukaguzi ya nchi ndipo uje kwenye kiwanda. Tanzania ilirejea sokoni mwaka 2000.

Tangu hapo viwanda vimewekeza sana ndani ya kuta zake: makoti meupe, mabuti, maji yenye klorini mlangoni, maabara. Ni sawa. Lakini sangara aliyelala mtumboni bila barafu tangu usiku hufika getini jicho limedidimia na matamvua yamekuwa ya kahawia, na hakuna mashine ya kumrudishia ubichi wake. Mkaguzi humkataa, na samaki huyo huishia kwenye masoko yetu wenyewe, jambo ambalo kwa maoni yangu halitukeri vya kutosha.

Katika joto letu, mvuvi anahitaji takriban kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Nani ailipie? Mwenye mtumbwi ndiye anayeinunua, ilhali faida ya ubichi inakwenda kiwandani. Maadamu bei mwaloni, pale samaki wanaposhushwa kutoka ziwani, inapangwa kwa uzito tu, atapunguza barafu, na hesabu zake ni sahihi kabisa. Semina za usafi hazitabadilisha hilo. Bei ya madaraja itabadilisha: samaki wa daraja la kwanza alipwe zaidi, papo hapo, na kila kreti iandikwe jina la mwalo, namba ya chombo na saa ya kupokelewa. Kumbukumbu hizo ndizo zinazomwezesha meneja kuondoa shehena moja yenye tatizo badala ya kurudisha kontena zima.

Uendelevu nao watu huuweka kwenye ripoti ya mwaka, karibu na picha za kupanda miti. Mahali pake hasa ni kwenye mpango wa uzalishaji. Kiwanda kilichojengwa kikubwa kuliko ziwa linavyoweza kukilisha kina umeme wa majokofu na mishahara ya kulipa hata samaki wakiadimika, na hapo ndipo meneja anaposhawishika kupokea sangara wa chini ya sentimita 50, ambao wengi hawajazaa hata mara moja. Afadhali kupunguza zamu, na kuvuna zaidi kwa samaki yuleyule: mabondo (vifuko vya hewa vya samaki), ambayo huko China hupata bei kubwa kuliko minofu, na mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya kutoa minofu, yaliyokaushwa vizuri.

Wenye dagaa wana kazi nyepesi zaidi. Waanike kwenye chanja badala ya mchangani. Mnunuzi huulipa usafi huo siku hiyohiyo.