Dhana potofu kuhusu lugha ya mwili kwenye mikutano ya video

Mafunzo mengi ya lugha ya mwili yalitungwa kwa ajili ya watu waliokaa chumba kimoja. Yamehamishiwa kwenye mikutano ya video bila kurekebishwa, na hapo ndipo yanapokwenda mrama. Kwenye video mwenzako hakuoni wewe mzima. Anaona kile tu ambacho kamera, maiki na mtandao vimekubali kupitisha: kichwa, mabega, kipande cha kifua, na sauti iliyobanwa ili isafiri. Ukishajua kinachopita na kinachobaki nje, ushauri mwingi unaosambazwa utauona hauna mashiko.

Dhana: Asilimia 93 ya mawasiliano si maneno

Takwimu hii imerudiwa mara nyingi hadi watu hawaulizi tena ilikotoka. Ilitoka kwenye majaribio mawili ya Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yaliyochapishwa mwaka 1967. Washiriki walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa sauti ya upendo, ya chuki au ya kawaida, na katika jaribio mojawapo wakaonyeshwa pia picha za nyuso. Kisha wakaulizwa mtamkaji ana hisia gani. Hapo ndipo zilipopatikana asilimia 7 za maneno, 38 za sauti na 55 za uso. Mehrabian mwenyewe ameeleza kuwa hesabu hiyo inahusu hisia za kupenda au kutopenda tu. Haihusu ripoti ya mauzo, mafunzo ya kazini wala usaili. Anayetaka ushahidi wa haraka azime sauti ya mkutano wa watu asiowajua kwa dakika 5, kisha atueleze wameamua nini.

Dhana: Shughulikia muonekano kwanza, sauti itajipanga yenyewe

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na tungependa lisahihishwe kabla ya mtu kutumia hata senti moja kununua taa.

Mwaka 2018 Eryn Newman na Norbert Schwarz waliwasikilizisha watu mazungumzo yaleyale ya kitaalamu, mara yakiwa na sauti safi, mara yakiwa na sauti mbovu. Maneno hayakubadilika hata moja, lakini sauti ilipokuwa mbovu, utafiti uliozungumziwa ulionekana dhaifu na mtafiti mwenyewe akaonekana hana uwezo sana. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walipata jambo linalofanana: mtu ambaye sauti yake ilisikika nyembamba kama ya bati alipimwa kuwa na akili kidogo, haaminiki sana, na hafai sana kuajiriwa. Ubaya ni kwamba wewe ndiye pekee kwenye mkutano usiyeisikia sauti yako ikiwa imeharibika.

Chanzo cha kawaida ni umbali. Maiki iliyo ndani ya kompyuta iko sentimita 50 au 60 kutoka mdomoni. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inayotoka kwako moja kwa moja hushuka kwa takriban desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba unabaki palepale. Kwa hiyo maiki inasikia kuta karibu sawa na inavyokusikia wewe. Hedifoni ya kawaida ya waya inatatua tatizo hilo. Weka maiki yake sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye pembe ya mdomo, si mbele kabisa, kwa sababu pumzi ya herufi "p" na "b" ikigonga maiki husikika kama kishindo. Angalia pia isisugue kola.

Hedifoni za Bluetooth zina tatizo lao. Nyingi husikika vizuri ukicheza muziki, lakini maiki yake ikianza kutumika, muunganisho hugeuka kuwa wa simu na upana wa sauti hupungua sana. Ndiyo maana mtu aliyenunua hedifoni ya bei kubwa anaambiwa anasikika kama yuko ndani ya pipa. Jirekodi sekunde 30 ukitumia kifaa chako, kisha usikilize. Ukisikia mwangwi, hamia chumba chenye pazia, zulia au nguo nyingi.

Mtandao nao ukiwa dhaifu, sauti ndiyo ya kuokolewa. Sauti peke yake hutosheka na chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, wakati picha safi huweza kudai megabiti moja au zaidi. Sema tu, "Nazima kamera ili sauti isikatike," kisha uendelee. Ni heshima kuliko uso ulioganda mdomo wazi.

Dhana: Ili uonekane unamtazama mtu, kodolea kamera muda wote

Kuna ukweli nusu hapa. Ukitazama uso wa mwenzako kwenye skrini, yeye anaona macho yako yameshuka chini, kwa sababu lenzi iko juu ya skrini. Lakini macho ya binadamu hayapimi makosa ya pande zote kwa ukali uleule. Utafiti wa Milton Chen wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 2002, ulionyesha kuwa macho yakishuka kidogo chini ya lenzi, takriban nyuzi 5, mtazamaji bado huhisi anaangaliwa. Yakienda kando au juu, hugundua upesi zaidi.

Ipime hiyo kwenye meza yako. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, nyuzi 5 ni kama sentimita 5 tu chini ya lenzi. Kwa hiyo badala ya kukodolea kitobo cheusi, lete uso wa mwenzako kwenye hizo sentimita 5. Inua kompyuta kwa vitabu hadi lenzi ilingane na macho. Punguza dirisha la mkutano liwe dogo, kisha liburute hadi juu kabisa, katikati, chini ya lenzi. Kama una maandishi ya kusoma, yaweke hapohapo. Skrini ya pili iliyo pembeni ndiyo inayoharibu kuliko zote: wewe unamtazama mwenzako kwa makini kabisa, yeye anaona shavu na sikio.

Unapozungumza, tazama lenzi unapoanza hoja na unapoimaliza. Unaposikiliza, tazama watu. Anayeikodolea lenzi saa nzima hamwoni aliyekunja uso, wala aliyenyoosha mkono, wala anayemwonyesha kwa ishara kuwa maiki yake imezimwa. Na ukiwa unaandika, waambie mapema kwamba unaandika, la sivyo watadhani uko kwenye simu.

Kuna tawi la dhana hii linalotuudhi zaidi: kwamba asiyetazama kamera anaficha kitu. Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi kuhusu uwezo wa watu kutambua uongo na kuchapisha majumuisho mwaka 2006. Wastani ulikuwa asilimia 54, yaani afadhali kidogo tu kuliko kurusha sarafu. Kwenye video, ambako hata mahali lenzi ilipo huamua macho yanaonekana yakielekea wapi, kumhukumu msailiwa kwa hilo ni kumwonea.

Dhana: Anayechelewa kujibu hajiamini, au hakusikiliza

Katika mazungumzo ya ana kwa ana, nafasi kati ya mtu kumaliza na mwingine kuanza ni fupi mno. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 uliiweka kwenye takriban milisekunde 200. Masikio yetu yamezoea mdundo huo bila sisi kujua.

Sasa chukua mtandao unaochelewesha sauti milisekunde 300 kwa kila upande. Namaliza swali. Linakufikia baada ya milisekunde 300, unajibu upesi kama kawaida baada ya 200, jibu linarudi baada ya 300 nyingine. Kwangu umenyamaza milisekunde 800, mara nne ya ilivyozoeleka, na naanza kujiuliza kama swali limekukera. Wewe hujui lolote. Kwako ulijibu papo hapo. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2014, watu waliokuwa kwenye laini yenye ucheleweshaji waliulaumu utu wa mwenzao badala ya laini: hayuko makini, si mchangamfu. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, hupendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 kwa mazungumzo mazuri, na 400 ndiyo kikomo katika upangaji wa mitandao.

Dawa yake ni tabia ya kikao. Ukiuliza, hesabu sekunde mbili kimyakimya kabla ya kurudia swali. Taja jina kwanza, swali baadaye, ili mhusika asishtukizwe. Mkigongana, yaani wote wawili mmeanza, wote mmenyamaza, wote mmeanza tena, mmoja aseme wazi: "Endelea, nitafuata." Kuachiana kwa adabu bila kusema neno ndiko kunakozalisha mgongano wa tatu.

Dhana: Itikia kwa sauti, msemaji ajue uko naye

Ana kwa ana, "naam", "ehe" na "sawasawa" ni ustaarabu. Kwenye mkutano wa video huweza kumkata msemaji kauli. Programu ya kuondoa mwangwi na kelele hulazimika kuamua ni sauti gani ipite, na hasa mtu anapotumia spika badala ya hedifoni, "ehe" yako moja inaweza kumeza silabi mbili za mwenzako. Programu nyingine humhamisha anayeonekana kwenye skrini kubwa, picha ikaruka kwako, kisha ikarudi kwake. Zima maiki, kisha itikia kwa kichwa. Kiinamishe polepole na kwa upana kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa picha iliyobanwa hupoteza miondoko midogo.

Dhana: Mikono ikionekana inavuruga

Mikono haivurugi. Kinachovuruga ni vidole vinavyochungulia na kutoweka ukingoni mwa picha. Rudi nyuma hadi umbali wa urefu wa mkono, sentimita 50 hadi 70. Macho yawe kwenye theluthi ya juu ya picha, nafasi ndogo ibaki juu ya kichwa, na chini picha iishie katikati ya kifua. Ukipanga hivyo, mikono iliyo usawa wa kifua itaonekana mizima. Isogeze kando kwa kando, si kuelekea lenzi, maana kiganja kilichosogea mbele hugeuka kikubwa kuliko uso. Uso nao una balaa hilo: hesabu za kitaalamu zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha kuwa pua iliyopigwa picha kwa umbali wa sentimita 30 huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko kwa umbali wa mita 1.5. Anayeinamia simu mkononi ajue hilo.

Kiti cha kuzunguka kiepuke ukiweza. Kuyumba kidogo chumbani hakuna anayekuona, ila ndani ya fremu ndogo ni wewe mzima unayepepesuka.

Dhana: Simama kishujaa dakika 2 kabla ya usaili, homoni zitakupa ujasiri

Utafiti ulioanzisha hili, wa mwaka 2010, ulikuwa na washiriki 42. Mwaka 2015 watafiti wengine waliurudia kwa watu 200 na hawakuona badiliko la homoni, na mwaka 2016 Dana Carney, mwandishi wa kwanza wa utafiti wenyewe, alitangaza kuwa haamini tena kuwa athari hiyo ipo. Dakika hizo 2 zitumie kupima maiki.

Dhana: Mfanyakazi makini huwasha kamera mwanzo hadi mwisho

Jaribio la wiki nne la Kristen Shockley na wenzake, lililochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha wafanyakazi 103, lilionyesha kuwa kuwasha kamera kulihusiana na uchovu zaidi, na waliochoka walichangia kidogo vikaoni. Walioathirika zaidi ni wanawake na wafanyakazi wapya. Mwaka huohuo Jeremy Bailenson wa Stanford alieleza sababu nne anazodhani ndizo zinazochosha: nyuso kubwa zinazokutazama kwa karibu, juhudi ya ziada ya kutuma na kusoma ishara, kujitazama mwenyewe muda wote, na kufungwa sehemu moja.

La tatu lina dawa ya papo hapo: kagua picha yako mwanzoni, kisha ifiche, wengine wataendelea kukuona. Kwa mengine, kikao kipatane. Sisi tungewasha kamera kwenye usaili, kikao cha kwanza na mteja, na pale maamuzi yanapotolewa. Kwenye wasilisho la dakika 40 ambalo ni slaidi peke yake, hatuoni sababu.

Yaliyobaki, kwa kifupi

"Mandhari ya bandia huficha kila kitu." Huficha chumba, na masikio yako pia, kila unapogeuka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Durham wa mwaka 2023 ulikuta kuwa walio na vitabu au mimea nyuma yao walipimwa kuwa wa kuaminika na wenye uwezo kuliko waliokuwa na sebule au picha za mzaha. Ukuta mtupu na mandhari iliyotiwa ukungu vilikaa katikati.

"Dirisha nyuma huleta mwanga mzuri." Humgeuza mtu kivuli, kwa sababu kamera hupunguza mwanga wa picha nzima ili dirisha lisionekane jeupe kupita kiasi. Geuza meza, dirisha liwe mbele yako. Mwenye miwani apandishe taa na kuisogeza kando hadi mng'ao utoke kwenye vioo.

"Maandishi yangu yanaonekana kinyume." Kwako tu. Programu nyingi hukuonyesha picha yako kama kwenye kioo, ila wenzako huiona ilivyo. Ukishika hati mbele ya kamera, usiigeuze.