Bado Yupo

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa. Kazi yangu ni kuwahudumia wagonjwa ambao maradhi yao hayatapona, na swali ninaloulizwa na jamaa zao kuliko yote ni hili: "Amebakiza siku ngapi?" Ninalielewa swali hilo. Ila nimeona watu wakizihesabu siku hadi zikaisha, wasikae na mgonjwa wao hata moja.

Kuna huzuni inayotangulia msiba. Daktari wa magonjwa ya akili Erich Lindemann aliieleza mwaka 1944, wakati wa vita: kuna waliomlilia askari wao angali hai, wakamlilia hadi wakamzoea kuwa hayupo, na aliporudi salama wakashindwa kumpokea. Huzuni hiyo si kosa la mtu, huja yenyewe. Hatari yake ni kwamba humfanya mgonjwa aonekane ameshaondoka, ilhali amelala pale pale akikutazama.

Namkumbuka binti mmoja aliyekuwa akimuuguza mama yake. Alikuwa na daftari: saa za dawa, joto la mwili, maji aliyokunywa mgonjwa. Kalamu haikumtoka mkononi. Siku moja mama akamwambia, "Mwanangu, hebu nitazame." Binti akajibu, "Ngoja nimalize kuandika, mama." Nikanyoosha mkono. "Lete, nitaandika mimi." Akasita, akanipa. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akalowesha kitambaa, akampitishia mama midomoni taratibu, pembe hadi pembe. Mama akafumba macho, akasema, "Hapo hapo." Wakakaa hivyo karibu nusu saa, hakuna aliyesema neno.

Hayo yaliwezekana kwa sababu mama hakuwa na maumivu, na hapa nataka nieleweke vizuri. Huwezi kumwambia mtu anayeumia aufurahie wakati alio nao. Huko ni kumwonea. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wasiopona, jijini London mwaka 1967, alisisitiza kwamba dawa ya maumivu makali yasiyokoma itolewe kwa saa zake, isingoje maumivu yarudi. Mgonjwa anayengojeshwa haumii mwili tu. Hata dakika ile aliyopata nafuu anaitumia kuyaogopa maumivu yajayo. Mpe morfini kwa wakati, kwa kipimo chake, na utaona akili yake inarudi chumbani: anauliza nani amekuja, anataka dirisha lifunguliwe.

Sisi wazima hatuna kisingizio cha maumivu, na bado hatupo. Mwaka 2010 watafiti Killingsworth na Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwauliza watu 2,250, kupitia simu zao na kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini. Asilimia 46.9 ya nyakati hizo mawazo yalikuwa kwingine, na kwa kawaida waliopotelea mawazoni walikuwa na furaha ndogo kuliko waliokuwa na akili kwenye jambo walilokuwa wakilifanya, hata kama jambo lenyewe halipendezi. Kumlowesha midomo mama anayekufa hakupendezi. Lakini sijakutana na mtu aliyejuta kufanya hivyo.

Kwa hiyo siwaambii jamaa watulie, wala wasilie. Lia, ila umshike mkono huku unalia. Mwangalie usoni.

Mama yule aliishi siku tisa zaidi, na daftari nilibaki nalo mimi. Siku ya mwisho pumzi yake ilikuwa ikipanda, ikishuka, kisha inasimama kwa muda mrefu kabla ya kurudi, kama inavyowatokea wengi wakati ule. Watu mlangoni walikuwa wakitazamana kila inaposimama. Binti alikuwa ameweka kiganja kifuani mwa mama yake. Kifua kikainuka tena. "Bado yupo," akasema, akakichukua kitambaa.