Tuyamalize haya ya pipa la taka la Houston

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa rafiki yetu hapa Houston, nimekaa na pilau yangu simsumbui mtu, jamaa mmoja akaiona kofia yangu ya Astros, timu ya besiboli ya hapa iliyokamatwa kwa kuiba ishara za wapinzani kwa kamera na pipa la taka mwaka 2017, akasema kwa sauti ya meza nzima, "Aaah, kumbe humu tuna wezi wa ishara." Watu wakacheka, sawa, nimezoea. Halafu mwingine akaamua kunitetea: "Wacheni hizo bana, timu zote zinaiba ishara, hawa walikamatwa tu." Hapo ndo pilau ikanishinda. Wa kwanza nilimsamehe, ila huyu mtetezi wangu ndo kanifanya nifungue kompyuta saa tano usiku, maana sentensi yake nimeisikia tangu 2020, kwa kinyozi, kwenye grupu la WhatsApp, kwa wazazi uwanjani, na kila anayeisema anaisema kama kaigundua yeye jana.

Kwa wasionijua, siku za kazi nafanya mambo mengine kabisa, wikiendi ni refa wa besiboli ya watoto. Huu mwaka wa tisa nasimama nyuma ya kecha, yule mdakaji wa mipira, nachungulia straiki, yani mpira uliopita eneo halali la kupigwa, goti la kushoto limeshaanza kunidai.

Tatizo la kwanza ni lugha yetu wenyewe. Besiboli unaiba besi, yani unakimbilia kituo kinachofuata mpira haujapigwa, na unashangiliwa. Unaiba ishara. Anayepiga tunamwita mpigaji, na Mtanzania ukimwambia mpigaji anafikiria hela za halmashauri, wala huwezi kulichukua lile "batter" la Kiingereza ukamwita bata, maana bata ana manyoya tayari. Sasa jaribu kumsimulia mtu wa Manzese kwamba mpigaji kashika gongo na mwenzake yuko nyuma ya pitcha, mrushaji wa mpira, anajiandaa kuiba, atajua unaongelea kesi ya polisi. Kwa hiyo mtu akisikia "waliiba ishara" anaona kosa limeshatajwa, kilichobaki ni hukumu. Wakati kuiba ishara sio kosa! Narudia kwa herufi ndogo ili nisionekane nagomba: kuiba ishara kwa macho, kwenye ligi kuu ya Marekani, ni halali, imekuwa halali miaka yote, na hata ile ripoti ya ligi iliyowaangamiza Astros ilikubali kwamba kusoma ishara bila mtambo wowote hakuvunji kanuni.

Twende taratibu. Kecha kachuchumaa, anaweka vidole katikati ya mapaja, kimoja mpira wa kasi, viwili wa kupinda, vinne chenjapu, ule wa polepole unaojifanya wa kasi, kila timu na utaratibu wake. Mpigaji haoni kitu, kampa mgongo. Mpinzani pekee anayeweza kuona vizuri ni mkimbiaji aliyefika besi ya pili, maana yuko nyuma ya pitcha anatazama kulekule anakotazama pitcha. Huyo akivisoma vidole halafu akagusa helmeti au akainama namna fulani, mpigaji anajua kinachokuja. Halali. Na dawa yake ipo, kecha akiona mtu besi ya pili anabadilisha, anatoa ishara tano mfululizo na ya kweli ni ile inayofuata baada ya viwili, au ni ya tatu, au inategemea wapigaji wangapi wameshatolewa. Ni mchezo ndani ya mchezo.

Ni kama karata. Ukishika karata zako ovyo mpaka jirani anaziona, kijiweni watakucheka wewe, hakuna atakayemlaumu mwenye macho. Ila jirani akitundika kioo nyuma ya kichwa chako, au akamweka mpwa wake dirishani akohoe ukiokota jike, hapo meza inapinduliwa. Wote wawili wameona karata zako. Na bado hata mtoto mdogo anaijua tofauti bila kuelezwa.

Na hapa ndo kwenye kiini ambacho huyu ndugu wa "timu zote zinaiba" anakiruka kila siku. Mkimbiaji wa besi ya pili kalipa nauli. Kapiga mpira, kakimbia, kateleza kwenye vumbi, kafika pale, kwa hiyo kile anachokiona ni haki ya kufika. Astros 2017 walikuwa na kamera ya senta fildi, kule mbali kabisa nyuma ya pitcha inakomtazama kecha, picha inakuja kwenye skrini pembeni kidogo ya benchi lao, mtu anatazama vidole vya kecha anapiga pipa la taka kwa gongo, ikilia ujue unakuja mpira wa kupinda au chenjapu, kimya ujue ni wa kasi. Hii inafanya kazi hata kama besi zote ziko tupu! Hakuna aliyefika popote, hakuna aliyelipa nauli, na kecha wa watu anatoa ishara moja nyepesi isiyo na mafumbo kwa sababu anaamini hakuna anayeona. Hapo ndo kwenye uovu wenyewe. Sio kwamba waliona. Waliona wakati mwenzao alikuwa na kila sababu ya kuamini haonekani.

Kama hamuamini itafuteni video ya Septemba 2017, pitcha Danny Farquhar wa timu ya White Sox anamrushia mpigaji wa Astros, Evan Gattis, hapa hapa Houston. Uwanja hauna kelele nyingi, anarusha chenjapu unasikia bang bang, mpira wa kasi kimya, chenjapu tena, bang bang. Farquhar anashuka kwenye kilima cha kurushia, anamwita kecha wake, uso wake unasema mtu kasikia mlango wa nyumba yake unafunguliwa usiku. Wanabadilisha ishara. Pipa likanyamaza. Mimi nimeitazama labda mara hamsini na kila mara kinachonikera ni kule kunyamaza, maana ndo kukiri kwenyewe. Halafu shabiki mmoja wa Astros, sio adui, shabiki kabisa, akakaa akasikiliza mipira zaidi ya 8,200 ya mechi za nyumbani za mwaka ule, akahesabu mapigo 1,143. Huyo ndo namwita mpenzi wa timu.

Adhabu mnazijua, nazipitia haraka. Pitcha Mike Fiers, aliyekuwa ndani ya timu ileile, akasema hadharani Novemba 2019. Januari 2020 meneja A.J. Hinch na meneja mkuu Jeff Luhnow wakafungiwa mwaka mmoja, mwenye timu akawafukuza siku ileile, faini dola milioni 5 ambayo ndo ilikuwa mwisho wa kanuni, wakanyang'anywa nafasi za raundi ya kwanza na ya pili za kuchagua vijana kwa 2020 na 2021. Wachezaji hawakuguswa, walipewa kinga ili waseme ukweli. Kombe la 2017 wamebaki nalo. Kama mnataka kukasirika, kasirikieni hapo, mimi nimeshakasirika zamani na bado kofia nimevaa.

Na sio kwamba Astros ndo waliovumbua. Mwaka 1900 Philadelphia walikuwa na mtu kwenye jengo la senta fildi na darubini, na waya umepita chini ya ardhi mpaka alipokuwa anasimama kocha wa besi ya tatu, umeme unamtekenya mguu. Tommy Corcoran wa Cincinnati akaona mguu wa yule kocha haubanduki pale, akaanza kuchimbua na njumu zake katikati ya mechi mpaka akakuta kisanduku na nyaya. Nani anahitaji sinema. 1951 New York Giants, darubini tena, kengele ya umeme mpaka kwa pitcha wa akiba, na mwisho wa msimu ule Bobby Thomson akapiga homrani, mpigo uliovuka uzio, ikawatoa Dodgers. Thomson alikataa mpaka mwisho kwamba alipewa ishara kwenye mpira ule. Na waliofungwa fainali 2017? Dodgers haohao. Kuna familia zina mikosi.

Sasa hapa ndo nianze kuongea ukweli ambao kwenye semina za marefa hatuambiwi. Mstari wangu mzuri wa macho na mtambo una sehemu umelegea. Chukua timu ya Boston 2018. Mtu wao wa chumba cha video ya marudio, ligi ilimkuta na hatia kwamba mara chache alichambua utaratibu wa ishara za wapinzani katikati ya mechi akawapa wachezaji. Halafu mkimbiaji anafika besi ya pili, kalipa nauli yake kihalali, anatazama kwa macho yake, ila ufunguo wa kusoma anachokiona umetoka kwenye skrini. Huyo anaiba kwa macho au kwa mtambo? Ligi ikasema ni kosa, ikamfungia yule wa video na timu ikapoteza nafasi ya raundi ya pili. Nakubali. Lakini angekuwa amechambua video ya mechi ya juzi, usiku hotelini, ingekuwa halali kabisa. Skrini ileile, kecha yuleyule, tofauti ni saa. Nikikaa nikafikiria sana hii naumwa kichwa.

Halafu kuna pitcha kujiuza mwenyewe. Mei 2023 huko Toronto kamera ilimnasa Aaron Judge, mpigaji wa Yankees, anatupa jicho pembeni kwenye benchi lao kabla ya mpira, kisha akapiga homrani, watu wakalipuka mwizi mwizi. Pitcha mwenyewe, Jay Jackson, baadaye akasema alikuwa anajifichua, yani jinsi anavyojiandaa na mpira mkononi ilikuwa inasema kabla ya yeye kurusha. Judge hakukubali kwamba alikuwa anatafuta ishara, sawa, ila hata angekuwa anatafuta, ni halali! Ni kipa anayesoma mguu wa mpiga penalti. Hamna anayemwita mwizi.

Na je lile pipa liliwasaidia kweli? Hapa nitawaudhi pande zote. Mwaka ule Astros walifunga ran, yani pointi, nyingi zaidi ugenini kuliko nyumbani kwenye pipa lao. Ukiishia hapo unasema pipa lilikuwa kelele tu. Lakini kwenye mtoano wa mwaka uleule walishinda nyumbani mechi 8 kati ya 9, na ugenini wakahangaika. Ukiishia hapo unasema pipa ndo bingwa. Mimi naona baadhi ya wapigaji liliwachanganya, maana ukiambiwa mpira wa kupinda na ukaja wa kasi unavunjika kiuno, na mpigaji wao José Altuve kwenye hesabu za yule shabiki pipa lilimlilia mara chache sana, inaonekana hakulitaka. Ila kosa halipimwi kwa faida. Anayevunja duka akakuta droo tupu bado kavunja duka.

Kanuni zilivyobadilika baada ya hapo ndo jibu la kweli. 2022 ikaja PitchCom, kecha ana vitufe mkononi, anabonyeza, pitcha anasikia sauti ndani ya kofia. Vidole vimekwisha. Ukiniuliza mimi hiki kifaa kimefanya kazi kubwa kuliko faini zote, ila kimeua na ule mchezo wa halali wa besi ya pili, na wazee wenzangu wa besiboli tunaulilia kimyakimya. Na bila PitchCom ile saa ya 2023 inayomhesabia pitcha muda wa kurusha ingekuwa mateso, sekunde 15 besi zikiwa tupu, ishara tano za mafumbo ungezitoa saa ngapi? Mechi zilishuka kutoka wastani wa saa 3 na dakika 4 mpaka saa 2 na dakika 40, mke wangu ameanza kuangalia mpaka mwisho.

Mkitaka kosa la kweli la zama hizi tazameni kwenye kubeti. Novemba 2025 mapitcha wawili wa Cleveland, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, walishtakiwa mahakama ya shirikisho Brooklyn kwa madai ya kupanga na wabetiji mpira fulani urushwe nje ya eneo la straiki. Wote wamekana. Lakini angalieni ukubwa wa kitu, mpira mmoja tu, hauamui mechi, na kuna mtu nyumbani kaweka mkeka juu yake. Hapo hakuna macho wala mtambo wa kubishania.

Narudi uwanjani kwangu. Kwenye kanuni za Little League, ligi ya watoto, kuiba ishara na kumpasia mpigaji ni utovu wa uanamichezo hata kwa macho, refa akiona anaweza kumtoa mchezaji na kocha. Yani kitu kilekile ambacho jioni kwenye TV mtangazaji anakisifia, asubuhi mimi natakiwa kumtolea mtoto wa miaka 12. Msimu uliopita nilikuwa na dogo mmoja besi ya pili, kila kecha akitoa viwili anagusa helmeti, kimoja hagusi, alikuwa anafanya kwa ustadi mpaka nilichelewa kumgundua. Nikasimamisha mchezo nikamwonya kocha, baba yake kule kwenye uzio akanifokea. Dogo akaja taratibu akaniuliza, "Lakini anko, si wakubwa wanaruhusiwa?" Nikamwambia ndiyo. Akasubiri niendelee. Sikuwa na cha kuendelea nacho, nikamwambia rudi besi.

Msimu huu wamekuja na jipya. Kuanzia 2026 ligi kuu mpigaji, pitcha au kecha anaweza kupinga uamuzi wa refa kuhusu straiki kwa kugusa kofia, kila timu inaanza na nafasi mbili, mitambo inaamua. Kwa hiyo sasa nikiita straiki, katoto kananigeukia kanagonga helmeti mara mbili kananitazama usoni kanasubiri skrini. Skrini gani? Uwanja wetu hata choo hauna. Na mwenzake kule besi ya pili naye kagusa helmeti, nami sijui huyu ananipinga au anaiba.